Sura ya Sita: Jeni Zinazofichana

Miche miwili ya ngano imesimama kwenye kitalu kimoja cha majaribio huko Njoro, Kaunti ya Nakuru. Yote miwili ina mabua safi, ya kijani, bila doa, ingawa mistari ya jirani imegeuka rangi ya tofali kwa ugonjwa wa kutu. Mtafiti akipita na daftari lake ataiandikia alama ileile. Lakini mche mmoja unalindwa na jeni moja tu, na wa pili una jeni tatu. Kuvu ya kutu ikibadilika kidogo mwakani, wa kwanza utaanguka na wa pili utabaki. Kwa kuitazama shambani, huwezi kujua upi ni upi. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hakuna aliyeweza kujua kwa uhakika, na gharama ya kutojua huko ilimwangukia mkulima. Sura hii inahusu ramani inayomwezesha mtafiti kuutambua mche wenye jeni tatu kabla mbegu yake haijafika dukani.

Kutu ya shina husababishwa na kuvu iitwayo Puccinia graminis. Chembe zake husafiri na upepo, hutua kwenye jani au bua lenye umande, huota na kujipenyeza ndani. Baada ya wiki moja au mbili ngozi ya bua hupasuka na kutoa malengelenge marefu yenye unga mwekundu wa kahawia. Pitisha kidole hapo, nacho kitatoka kimepakaa rangi. Kila lengelenge hutoa maelfu kwa maelfu ya chembe mpya, na kila chembe inaweza kuanzisha lengelenge jingine. Maji na chakula vilivyokuwa vikipanda kwenda kwenye suke hupotelea njiani, punje husinyaa, bua hulegea na kulala. Shamba lililokuwa na afya wiki tatu kabla ya mavuno linaweza kumwachia mwenyewe mabua matupu na punje zisizofaa hata kusagwa.

Wanaolima ngano Kenya wanaijua kutu tangu mwanzo. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza aliyelima Njoro mwanzoni mwa karne iliyopita, alipoteza ngano yake kwa kutu na ikambidi aajiri mtaalamu wa kumtafutia mbegu zinazostahimili. Kazi hiyo ya kutafuta mbegu haijakoma Njoro mpaka leo, na kituo cha utafiti kilichopo hapo sasa kiko chini ya KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya.

Jeni za kukinza kutu ya shina hupewa herufi Sr na namba. Zimeshaorodheshwa zaidi ya 50, na kwa muda mrefu iliyotegemewa kuliko zote ilikuwa Sr31. Asili yake si ngano. Ilitoka kwenye rai, nafaka ya nchi za baridi iliyo jamaa ya ngano, pale mkono mzima wa kromosomu ya rai ulipochukua nafasi ya mkono wa kromosomu ya ngano inayoitwa 1B. Ukinzani huo ulipita kwenye mbegu za Ulaya na za Urusi, kisha ukaingia kwenye mbegu za CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano kilichoko Mexico. Mbegu zenye kipande hicho zilikinza kutu na kuzaa vizuri, zikaenea katika mabara kadhaa. Kutu ya shina ikaanza kusahaulika, na fedha za kuichunguza zikapungua.

Mwaka 1998, kwenye kituo cha utafiti cha Kalengyere katika milima ya kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliona malengelenge kwenye ngano ambayo hayakupaswa kuwepo. Ngano hiyo ilikuwa na Sr31. Sampuli zilipelekwa Afrika Kusini kwa Zacharias Pretorius, naye akathibitisha kwamba kuvu ilikuwa imepata njia ya kuipita jeni hiyo. Ikaitwa Ug99. Mwaka 2001 ilikuwa Kenya, 2003 Ethiopia, 2006 Sudan na Yemen, 2007 Iran, 2009 Tanzania. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mwenye umri wa miaka 91, mtu aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi yake ya ngano, alipaza sauti kuwaonya viongozi na wafadhili kwamba sehemu kubwa ya ngano inayolimwa duniani haina kinga. Alikuwa sahihi. Na kabla mbegu mpya hazijatoka, Ug99 ilizaa koo nyingine: mwaka 2006 Kenya ilipata kuvu iliyoishinda pia Sr24, na mwaka 2007 iliyoishinda Sr36.

Jeni moja moja, zikaanguka kwa zamu. Tiba yake inajulikana kwa maneno: usitoe mbegu yenye jeni moja, toa yenye kadhaa kwa pamoja. Ili kuvu iishinde mbegu yenye jeni tatu, lazima ibadilike mahali patatu kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra sana. Ila hapo ndipo tunaporudi kwenye miche yetu miwili. Jeni moja yenye nguvu huzificha nyingine zote. Mtafiti anayechagua kwa macho huona mche safi, huuchukua, na hana namna ya kujua kama nyuma ya usafi huo ipo jeni moja au zipo tano. Anahitaji kujua kila jeni inakaa kwenye kromosomu gani na karibu na alama gani za DNA, ili asome jani badala ya kusubiri ugonjwa.

Kazi ya kuchora ramani hiyo huanza kwa ndoa ya mimea miwili. Mtafiti hutoa vichavushi vya kiume kwenye suke la ngano inayougua, kwa koleo dogo, ua kwa ua, kabla havijakomaa. Kisha huleta chavua ya ngano inayokinza, na suke hufunikwa mfuko wa karatasi ili chavua ya kigeni isiingie. Wajukuu wa ndoa hiyo huachwa wajichavushe wenyewe, punje moja kutoka kila mche, kizazi baada ya kizazi. Ikifika kizazi cha sita hivi, kila ukoo umetulia: mbegu zake zote zinakaribia kufanana. Mwishowe unakuwa na koo mia mbili, tuseme, kila moja ikiwa imerithi mchanganyiko wake wa baba na mama.

Hizo ndizo zinazopelekwa Njoro. Kituo kiko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye ubaridi na umande wa kutosha kuifurahisha kuvu, na ngano hupandwa hapo misimu miwili kwa mwaka. Kila ukoo hupewa vimistari vyake vifupi. Pembezoni na katikati ya vitalu hupandwa ngano dhaifu kwa makusudi, kwa mfano aina iitwayo Cacuke, nayo huchomwa sindano yenye chembe za kutu zilizochanganywa na maji. Kuanzia hapo upepo hufanya kazi yake. Ugonjwa ukishapamba moto, watafiti hupita mstari kwa mstari wakiinama, wakifungua mabua kwa vidole, wakikadiria ni sehemu gani ya bua imefunikwa na malengelenge ni ya namna gani. Daftari hujaa maandishi mafupi: 60S, yaani asilimia 60 na malengelenge makubwa ya mmea usio na kinga, 10MR, yaani asilimia 10 na malengelenge madogo yenye ukingo uliokauka. Wenye mazoea huandika mistari mamia kwa siku moja. Ni kazi ya mgongo na macho, na sioni mashine iliyokwisha kuifikia kwa ubora. Tangu 2005 mbegu za kujaribiwa zimekuwa zikimiminika hapo kutoka nchi nyingi kila mwaka, na tangu 2006 CIMMYT imekuwa ikizungusha mbegu zake kati ya Mexico na Njoro ili zichujwe na kutu ya huku.

Kwa upande mwingine, jani dogo la kila ukoo huenda maabara. Humo DNA husomwa katika maelfu ya mahali ambapo baba na mama walitofautiana kwa herufi moja. Kisha orodha mbili huwekwa pamoja: nani aliugua, na nani ana herufi gani. Mahali pasipohusiana na ukinzani, koo nzima na koo gonjwa zitakuwa na herufi za baba na za mama nusu kwa nusu, kwa bahati tu. Mahali palipo karibu na jeni, karibu koo zote nzima zitakuwa na herufi ya mzazi mkinzani.

Sababu yake ni namna kromosomu zinavyorithiwa. Zinapokaribia kugawanyika ili kutengeneza chavua au yai, kromosomu ya baba na ya mama hulala ubavu kwa ubavu na kubadilishana vipande. Fikiria shanga zilizotungwa kwenye uzi ambao hukatwa mahali popote na kuunganishwa upya na uzi mwingine: shanga mbili zilizo jirani ni nadra kutenganishwa, na zilizo mbali hutengana mara kwa mara. Hesabu ni mara ngapi zilitengana na umepata umbali baina yake. Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa miaka 19 huko New York, aliligundua hilo mwaka 1911 akihesabu nzi wa matunda. Kipimo chake, sentimogani, bado ndicho kinachotumika: sentimogani moja ni mtengano mmoja katika kila uzao 100.

Kwenye nzi ilikuwa rahisi. Ngano ina jozi 21 za kromosomu, kwa sababu ni mjumuiko wa nyasi tatu. Nyasi mbili za mwituni huko Mashariki ya Kati ziliungana kwanza. Baadaye, takriban miaka 9,000 iliyopita, wakati watu walikwisha kuanza kulima, nyasi ya tatu ikajiunga kandokando ya Bahari ya Kaspi. Kwa hiyo karibu kila jeni ya ngano ina nakala tatu, na DNA yote ina herufi zipatazo bilioni 16, mara tano ya za mwanadamu, na asilimia 85 hivi ni vipande vinavyojirudiarudia. Ukiokota kipande huwezi hata kuwa na hakika kilitoka kwenye kromosomu ipi.

Aliyefungua njia ni Ernest Sears wa Missouri, Marekani. Kuanzia miaka ya 1930 alitumia ngano ya Kichina iitwayo Chinese Spring kuzalisha mimea iliyopungukiwa kromosomu moja inayojulikana. Ngano, kwa kuwa ina akiba ya nakala tatu, hustahimili upungufu ambao ungeiua mimea mingine. Ukipandanisha ngano yenye ukinzani na mimea hiyo ya Sears, ukaona urithi wa ukinzani umekwenda kombo kwenye ndoa moja kati ya 21, umeijua kromosomu. Namwona Sears kuwa mtu ambaye kazi yake imelisha watu wengi kuliko jina lake linavyojulikana. Chinese Spring hiyohiyo ndiyo iliyosomwa herufi kwa herufi na kuchapishwa Agosti 2018, kwa kazi ya zaidi ya watafiti 200 kutoka nchi 20, na humo zikahesabiwa jeni 107,891. Tangu hapo, ukipata alama iliyo karibu na ukinzani unaweza kufungua ramani na kusoma majina ya jeni zote zilizo jirani.

Zipo jeni ambazo ramani yake haipatikani kwa swali la ndiyo au hapana. Sr2 ni mojawapo, nami naiona kuwa ya thamani kuliko nyingi zenye sifa kubwa. Haizuii kutu kabisa. Huipunguza kasi, na huanza kufanya hivyo mmea ukishakua. Edgar McFadden wa South Dakota aliihamisha kutoka kwenye ngano ya kale iitwayo ema zaidi ya miaka 100 iliyopita, baada ya kuona kutu ikiteketeza mashamba ya nyumbani kwao. Mpaka leo hakuna kuvu iliyoishinda. Ila kwa sababu nguvu yake ni ya kadiri, shambani hufunikwa na jeni kali kama Sr31, na mvua au ubaridi wa msimu huweza kuibadili picha. Ili kuipata lazima ujaribu misimu kadhaa na kutumia hesabu za takwimu, ukipima ni sehemu gani ya kromosomu inayoshusha wastani wa ugonjwa, kwa mfano kutoka 60 hadi 35. Watafiti wa zamani walikuwa na alama moja ya bure: ngano yenye Sr2 mara nyingi huwa na weusi kwenye maganda ya suke na chini ya vifundo vya bua. Walichagua miche yenye weusi na wakaipata Sr2 bila maabara. Lakini weusi huo hautokei kila mahali, na wakulima wasiojua waliudhani ni ugonjwa. Alama ya DNA iliyo karibu nayo, kwenye mkono mfupi wa kromosomu 3B, ilichapishwa mwaka 2003, na bora zaidi mwaka 2011.

Sr2 inatufundisha pia kwamba jirani wa jeni huja nayo, mzuri au mbaya. Kile kipande cha rai chenye Sr31 kilikuja na jeni nyingine tatu za kukinza magonjwa, lakini kilikuja pia na protini za rai zinazofanya unga uliokandwa unate. Anayesukuma chapati kwa unga wa namna hiyo atahangaika na kibao. Kwa kuwa kromosomu ya rai na ya ngano hazibadilishani vipande kwa kawaida, kizuri na kibaya husafiri pamoja vizazi na vizazi, na kuvitenganisha kumehitaji mbinu maalumu pamoja na alama za kuonyesha mahali hasa palipokatika.

Sasa tazama yaliyotokea Kenya. Baada ya Ug99, moja ya mbegu zilizotolewa kwa wakulima ilikuwa Robin. Ilizaa vizuri, ikapendwa, ikaenea. Kinga yake kubwa ilikuwa jeni iitwayo SrTmp. Mwaka 2014 ukoo mpya wa Ug99 unaoishinda SrTmp ukapatikana Kenya, na Robin ikaanza kuugua. Ethiopia ilikuwa imetangulia kuonja: ngano iitwayo Digalu, yenye SrTmp hiyohiyo, ilishambuliwa kusini mwa nchi mwaka 2013 na kuvu ya ukoo mwingine kabisa, usio wa Ug99. Nchi mbili, mbegu mbili, kuvu mbili tofauti, jeni moja. Mkulima wa Narok au wa Bale aliyepanda mbegu mpya kwa ahadi ya kinga alijikuta akinunua dawa ya kupuliza au akipoteza zao. Siwalaumu waliozitoa mbegu hizo, maana haja ilikuwa kubwa na muda mfupi. Lakini mbegu inayosimama juu ya jeni moja haifai tena kuitwa mbegu yenye kinga, kwa kuwa alama za kutuwezesha kuongeza nyingine sasa zipo.

Zipo hasa kwa jeni za kadiri, zile zenye kudumu. Mwaka 2009 ilitambuliwa jeni iliyokuwa ikiitwa Lr34, kwenye kromosomu 7D. Waliokuwa wakichunguza kutu ya majani waliiita Lr34. Wa kutu ya njano waliiita Yr18. Wa ubwiri unga Pm38. Ramani za wote zilikuwa zikielekeza mahali palepale, na jeni ilipopatikana ikawa ni moja, inayotengeneza protini ya kusafirisha vitu ndani ya chembe hai. Inasaidia pia dhidi ya kutu ya shina. Kuna mbegu za CIMMYT, kama Kingbird, zilizokusanya jeni kadhaa za namna hii pamoja na Sr2, na zimestahimili Njoro mahali ambapo mbegu za jeni moja ziliteketea.

Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 zilitambuliwa Sr35 na Sr33, ambazo asili yake ni jamaa wa ngano. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilichapisha ngano iliyoingiziwa jeni tano, Sr35 miongoni mwake, zikiwa zimefungwa mahali pamoja kwenye kromosomu ili zirithiwe kama jeni moja. Hiyo ni ngano iliyobadilishwa vinasaba kwa uhandisi, na kila nchi itaamua kwa sheria zake kama itaipanda. Njia ya kupandanisha na kusoma alama haina kikwazo hicho, ila ni ya polepole: kila jeni ya ziada huongeza idadi ya miche inayopaswa kusomwa ili upatikane mmoja wenye zote.

Na sasa kuvu yenyewe inachorewa ramani. Mwaka 2017 ilipatikana jeni ya kuvu ambayo Sr35 huitambua, na ikaonekana pia jinsi baadhi ya kuvu zinavyokwepa: kipande cha DNA kinachohamahama kimejichomeka katikati ya jeni hiyo na kuiharibu, na Sr35 haina tena cha kutambua. Mwaka 2019 ikafahamika kwamba Ug99 ilizaliwa baada ya kuvu mbili kuungana bila kujamiiana na kubadilishana viini vizima, na kwamba kimojawapo cha viini vyake kinafanana na cha ukoo uliojulikana Australia tangu miaka ya 1950. Maana yake kwa mtafiti wa mbegu ni kwamba sampuli ya kutu kutoka shambani inaweza kusomwa kama jani la ngano linavyosomwa, na kumwambia ni jeni zipi za ngano bado zina kazi na zipi zimeshakwepwa, bila kungoja mbegu iugue kwanza.

Kwa miaka mingi sampuli za kutu ya shina kutoka Afrika Mashariki zimekuwa zikisafirishwa hadi Marekani, Canada au Denmark ili zitambuliwe, na majibu huweza kufika msimu umekwisha. Kwa kutu ya njano, Ethiopia imeonyesha tangu 2018 kwamba jeni za kuvu zinaweza kusomwa hukohuko kwa kifaa cha kubebeka, kwa siku chache. Kutu ya shina inahitaji uwezo huohuo Njoro, na Uyole na Arusha huko Tanzania pia, ili orodha ya jeni zilizokwepwa iwe mezani kwa mtafiti kabla hajaamua msimu huu apandanishe nini na nini.